Shemeji na Kompyuta Isiyojua Tarehe

Jina lake halisi lipo kwenye cheti cha chuo, kwenye kitambulisho, na kwenye kadi ya kliniki ambayo mama yake bado anaihifadhi. Kwingine kote anaitwa Shemeji. Mume wa dada yake humwita hivyo kwa haki. Muuza vioo wa duka la jirani humwita hivyo kwa utani. Wateja humwita hivyo kwa sababu ndivyo walivyosikia, na yuko mama mmoja, mwenye shule ya watoto wadogo, ambaye aliwahi kuuliza kwa adabu kabisa kama Shemeji ni jina la ukoo.

Mwanzoni waliitana shemeji wote wawili, yeye na mume wa dada, kama ilivyo desturi. Lakini dukani neno moja haliwezi kubeba watu wawili. Mteja akiita "shemeji!" wanageuka wote. Ikabidi mmoja abaki nalo na mwingine atafutiwe lingine. Mume wa dada, mwenye duka, akawa Bosi.

Duka lenyewe ni chumba kimoja kirefu katika mtaa wa mafundi. Mbele kuna kaunta na kabati la kioo lenye sampuli: vibao vya milango ya ofisi, ngao za tuzo, kibao cha shaba kilichoandikwa DAKTARI bila jina la daktari yeyote. Katikati imesimama mashine ya kuchonga, nzito kiasi kwamba siku ilipoletwa ilibidi fremu ya mlango ing'olewe. Nyuma, juu ya meza ya chuma, ipo kompyuta inayoiamuru. Ubavu wake mmoja hauna kifuniko. Kiliondolewa zamani kikawekwa nyuma ya meza, na buibui amekwisha kukizoea. Ukipita mlango wa nyuma unaingia uani: jiko, kamba ya nguo, na chumba cha Shemeji. Mlango wa chumba hicho ukiwa wazi, mtu aliyelala kitandani anaiona taa ndogo ya kompyuta. Kitanda kilisogezwa makusudi.

Mashine huchonga shaba, mbao, plastiki na, hapa ndipo fahari ya Bosi ilipo, jiwe. Mashine mpya ambazo duka la kiasi hiki linaweza kuzimudu huishia kwenye plastiki. Ile ya Bosi ilitengenezwa na kiwanda ambacho kimekwisha kufungwa, na hupokea amri kupitia kadi moja tu, pana kama kiganja, inayochomekwa katika mfereji ambao kompyuta za leo hazina tena. Kwa hiyo ubao mama, yaani ule ubao mkubwa ndani ya kompyuta ambao viungo vyote hukaa juu yake, ulipaswa kubaki wa zamani. Wakati huo huo wateja walianza kuja na michoro ya kisasa: nembo zenye vivuli, sura za marehemu, sahihi za wakurugenzi. Programu ya kusoma michoro hiyo ilitaka prosesa mpya, ile chipu ambayo ndiyo ubongo wa kompyuta, na ubao wa zamani haukuitambua prosesa mpya.

Kutotambua si sawa na kutotosha. Tundu ni lile lile; prosesa mpya hukaa juu ya ubao ule kama kifuniko juu ya sufuria yake. Ila kiwanda kilikuwa kimeandika ndani ya ubao orodha ya prosesa zinazokubalika, na hiyo haikuwemo. Tena vituo vichache vya umeme chini ya prosesa vilikuwa vimebadilishiwa kazi, vya kutosha kuleta ugomvi. Mafundi wawili waliitwa. Mmoja alisema haiwezekani. Wa pili alisema hata ikiwezekana, yeye hayumo.

Ndipo dada akampigia simu mdogo wake, aliyesomea umeme wa vifaa vidogo na wakati huo akifanya kazi katika karakana ya vipimo, mji mwingine. Aliomba ruhusa fupi, akaja na begi dogo. Aliifungua ile programu inayoamsha ubao, akaiongezea orodha. Kisha akachukua selotepu ya mafundi, ile ya kahawia isiyopitisha umeme, akaikata kwa wembe vipande vyembamba kuliko ukucha wa mtoto, akavibandika juu ya vile vituo vyenye ugomvi. Akakandamiza prosesa mahali pake, akabonyeza. Skrini ikawaka. Bosi alirukaruka kama mtu ambaye timu yake imefunga goli, akampigia makofi mbele ya wateja.

"Huyu ni shemeji, na ni fundi," akawaambia. "Viwili kwa nauli moja."

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu umeme ulikatika, na Shemeji akapewa bisibisi.

Umeme uliporudi, kompyuta haikuamka. Feni ilizunguka, skrini ikabaki nyeusi. Shemeji alihangaika nayo mpaka akapata njia: uchomoe kijiti kimoja cha kumbukumbu, ubonyeze, usikilize feni ipande na ishuke, uzime, urudishe kijiti, ubonyeze tena huku umeshika kitufe cha kuingilia ukurasa wa mipangilio, halafu uifundishe upya kila kitu, prosesa ni ipi, kadi iko wapi, leo ni tarehe gani. Ukikosea mpangilio, unaanza mwanzo. Aliamini anajua sababu. Ubao ulikuwa umelazimishwa kuishi na mgeni, na kila ukipata nafasi ya kusahau, unasahau. Hakuna aliyembishia. Umeme wa mtaa ule hukatika na kurudi kama mtu anayepiga chafya, na kile kisanduku cha kuhifadhi umeme walichonunua kilidumu muda wa kutosha kusema "umekatika".

Ruhusa fupi ikaongezwa. Kisha karakana ya vipimo ikaandika kuuliza. Kisha ikaacha kuuliza.

Kompyuta ilikuwa na tabia moja iliyogeuka kuwa kichekesho cha mtaa. Kila ikizimika ilirudi nyuma hadi mwaka ambao ubao ulitengenezwa. Programu huweka tarehe yenyewe pembeni mwa kila kazi, na siku moja Shemeji, akiwa na homa, alisahau kuisahihisha. Jiwe la msingi la zahanati likatoka na tarehe ya zamani, wakati ambapo kiwanja cha zahanati hiyo kilikuwa bado shamba la mtu. Bosi aliliona kabla halijapelekwa. Lilitupwa uani, na tangu hapo ndilo ngazi ya bafuni. Dada husimama juu yake anapoanika nguo.

Baada ya hapo Shemeji hakusahau tena. Alisahihisha tarehe kila mara, bila kufikiri, kama mtu anavyosukutua mdomo.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini hakuondoka tu. Swali hilo aliulizwa sana, hasa na muuza vioo, aliyekuwa na mazoea ya kuegemea mlangoni asubuhi akiwa na kikombe mkononi.

"Shemeji, bado upo?"

"Nipo."

"Hata kupe huanguka ng'ombe akiogeshwa."

"Huyu ng'ombe wetu akiogeshwa atapigwa shoti."

Walicheka, na kicheko kilitosha kwa siku hiyo. Lakini mtego wake haukuwa na mlango ambao mtu angeweza kuuonyesha kwa kidole. Hakuna aliyemfungia. Bosi hakuwahi kumnyima chakula wala kumpandishia sauti. Kinyume chake, alimsifu mno, na sifa ni kamba laini kuliko zote. Mama yao alipolazwa, Shemeji alipanda basi alfajiri. Katikati ya safari simu ikaita: umeme umekatika, jiwe limeshikwa mezani, herufi nusu. Alishuka hapo hapo, akavuka barabara, akasubiri basi la upande wa pili. Mama alipona. Tangu siku hiyo akimpigia simu huanza kwa kuuliza, "Mashine haijambo?"

Mchumba wake alimsubiri kwa muda ambao mtu mwenye akili timamu anaweza kusubiri, kisha akaacha. Wafanyakazi wenzake huyo mchumba walikuja dukani, bila kujua lolote, kuagiza ngao ya mbao ya zawadi ya harusi: jina la mchumba huyo na la bwana harusi, yakizungukwa na majani. Shemeji aliipanga, akaichonga, akaipiga msasa kingo. Bosi aliiweka kabatini kwa siku kadhaa kama sampuli ya kazi safi.

Isingekuwa haki kusema kwamba alishikwa tu. Aliipenda pia. Mafundi wa mbali walikuja kuitazama kompyuta ile, wakainama, wakachungulia, wakatikisa vichwa. Alikuwa amefanya jambo ambalo kiwanda kilisema halifanyiki, na lilikuwa likifanyika kila siku mbele ya macho ya watu. Kila hitilafu ilimkumbusha ushujaa wake. Kalamu ya mashine ikiruka, ni prosesa. Picha ikichelewa, ni prosesa. Panya akila waya, Bosi mwenyewe alisema labda ni joto la prosesa limemvuta. Ni kama katika nyumba yenye mgeni wa kudumu: kijiko kikipotea, macho yote huelekea upande mmoja.

Mambo yalibadilika kwa simu ya Kipimo. Huyo alikuwa mwenzake wa chuo na baadaye wa karakana, aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuwahi kukubali jibu lolote kabla ya kuligusa kwa mita. Alikuwa akifungua karakana yake ya kutengeneza vifaa vya hospitali. Mara mbili alikuwa amemwita Shemeji aje kufanya naye kazi, na mara mbili alijibiwa "mwezi ujao".

"Nimekuwekea meza," Kipimo alisema. "Ina droo. Iko dirishani."

"Lini?"

"Jumatatu wakaguzi wa hospitali wanakuja. Wanataka kukuta mafundi wawili, si mmoja na kivuli chake. Usipokuwepo nitamweka mtu mwingine, na akikaa sitamwinua. Sikutishi, ndugu yangu. Nakupa taarifa."

"Na mashine ya hapa?"

"Mashine ya hapo ina mwenyewe. Wewe una nani?"

Shemeji alilipeleka jambo hilo kwa Bosi wakati wa chakula cha mchana, mbele ya dada. Bosi hakukasirika. Alitafuna, akameza, akapangusa mikono.

"Safari ni yako, siwezi kukuzuia. Nionyeshe tu nani ataiwasha."

"Mimi," dada alisema.

"Wewe?" Bosi alicheka mpaka akakohoa. "Wewe redio tu ikikataa unaipiga kofi!"

"Na ikishapigwa inaimba, au haiimbi?"

Jumamosi Bosi alikwenda kufunga kibao kwenye jengo la ofisi, na dada akageuza kile kibao cha mlangoni kisomeke IMEFUNGWA. Alivaa miwani, akakunja mikono ya blauzi, akakaa mbele ya kompyuta kama mtu anayesubiri kupimwa macho. Shemeji akazima swichi kubwa ya ukutani. Duka likawa kimya.

"Haya. Umeme umekatika, umerudi. Unafanya nini?"

"Nakuita wewe."

"Mimi sipo, dada."

"Basi nalia kidogo, halafu nachomoa hiki." Aligusa kijiti cha kumbukumbu. "Hiki?"

"Cha pili. Bonyeza masikio yake yote mawili kwa pamoja."

Alikosea mara ya kwanza, wakaanza upya. Mara ya pili aliachia kitufe mapema. Mara ya tatu ukurasa wa mipangilio ulitokea, na dada akapiga kigelegele kifupi, akaziba mdomo, akatazama mlangoni. Shemeji akamwelekeza: hapa prosesa, hapa kadi, hapa tarehe.

"Na tarehe kwa nini inarudi nyuma kila siku?" dada aliuliza, akiandika mwaka kwa kidole kimoja.

"Kwa sababu ya prosesa. Ubao haukubaliani nayo, kwa hiyo unasahau."

"Kwani tarehe inakaa kwenye prosesa?"

"Haikai huko."

"Inakaa wapi?"

"Kwenye ubao."

"Ubao si ndio ule ule wetu wa zamani?" Dada alikuwa bado akitafuta namba kwenye kibodi. "Nauliza tu. Mimi nimesimama juu ya lile jiwe miaka yote, naisoma ile tarehe, najiuliza, huu ubao uligombana na mgeni, sawa. Lakini saa yake mwenyewe imeukosea nini?"

Shemeji aliinama. Alikuwa akitazama ndani ya kompyuta, pembeni mwa ubao, chini ya kadi pana, mahali ambapo vumbi lilikuwa limejikusanya kama pamba. Aliingiza kidole, akalifuta. Chini yake palikuwa na betri bapa, ya duara, kama sarafu. Kila ubao mama unayo. Kazi yake ni moja: umeme wa ukutani ukiondoka, inaulinda ubao usisahau tarehe na mipangilio. Ikifa, ubao huamka kila mara kama mtoto aliyezaliwa sasa hivi. Ndicho kitu cha kwanza anachofundishwa kijana wa chuo, wiki ambayo bado hajaruhusiwa kushika mashine ya kuchomelea nyaya.

Aliipima. Sindano ya mita haikujisumbua.

"Dada," alisema, "ile mizani yako ya jikoni inatumia betri gani?"

Mizani ile ya kupimia unga wa keki ilifunguliwa mgongo juu ya kaunta. Betri ilikuwa ya aina ile ile. Shemeji aliihamisha, akaifundisha kompyuta mipangilio yote kwa mara moja zaidi, akahifadhi. Kisha akaenda ukutani akazima swichi kubwa, akasimama pale mpaka dada akasema, "Basi, imetosha." Akaiwasha. Akabonyeza kitufe. Hakuchomoa kijiti, hakushika chochote kingine.

Feni ikazunguka, skrini ikawaka. Pembeni, chini, tarehe ilikuwa ya Jumamosi hiyo.

Dada alianza kucheka, akaona uso wa mdogo wake, akaacha. Shemeji alikuwa ameketi sakafuni, mgongo kwenye mguu wa mashine. Prosesa haikuwa na kosa. Haikuwahi kuwa na kosa. Ile kazi aliyoifanya kwa wembe na selotepu ilikuwa imeshika tangu siku ya kwanza, na yeye ndiye aliyekuwa akiishuku kila siku. Alipanda basi la kurudi, akamwacha mama kitandani, kwa ajili ya betri ya mizani.

"Keki zangu sasa zitakuwa za kukisia," dada alisema polepole, ili pasiwe kimya.

"Nitamwambia nini Bosi?"

"Ukweli."

"Ukweli upi? Nikisema ni betri, kuna mambo mawili tu. Ama mimi ni mjinga, fundi gani asiyetazama betri. Ama nilijua, nikanyamaza ili nile na kulala bure."

Dada alifikiri. Alikuwa mke wa mtu yule kwa muda mrefu, akimjua kwa kila upande.

"Atachagua la pili," alisema.

Alichagua la pili. Bosi alirudi jioni, akasikiliza amesimama, funguo mkononi. Mwanzoni alicheka, akidhani ni mzaha. Kisha akaitazama ile betri iliyokufa juu ya kaunta, akaigeuza kwa ukucha.

"Kitu hiki?"

"Ndicho."

"Kumbe ulikuwa unatuchezea."

"Sikujua, Bosi."

"Usiniambie hukujua! Mtu aliyeshinda kiwanda kizima hajui betri? Mimi nimewaambia watu wangapi kwamba mashine hii ni yake, haiamki bila yeye?"

"Uliwaambia kwa sababu nilikuambia. Mimi ni mjinga, Bosi. Kati ya ujinga na ulaghai, nipe ujinga."

Bosi alikaa. Ilionekana kwamba hilo lilikuwa gumu kwake kulipokea kuliko wizi. Mwizi unamfukuza, lakini mjinga uliyemsifu mbele ya mtaa mzima unamfanya nini? Akarudi kwenye ardhi aliyoizoea.

"Imewaka leo. Kesho je? Ngoja mvua zipite kwanza. Zikipita bila kuzima, nakusindikiza mwenyewe."

"Bosi, meza ni Jumatatu."

"Meza zipo kila mahali. Mvua zipite."

Shemeji aliitikia kwa kichwa. Hilo ndilo dada alilosema baadaye kwamba lilimtisha: aliitikia bila kubisha, akaenda zake uani, na alipopita mlangoni akaitupia kompyuta jicho, kama alivyofanya kila jioni, kuhakikisha taa inawaka. Mlango wa ngome ulikuwa wazi na mfungwa alikuwa akikagua kufuli.

Kwa kawaida Jumapili duka hufungwa. Jumapili hiyo lilifunguliwa kwa sababu ya ngao za mashindano ya shule. Mwenye shule ya watoto wadogo, yule wa jina la ukoo, alikuwa amekaa kwenye kiti cha wageni akisubiri ya mwisho. Bosi alisimama karibu na mashine, mikono nyuma. Begi la Shemeji, lile lile dogo, lilikuwa chini ya kaunta, mahali ambapo dada aliliweka bila kumuuliza mtu. Shemeji mwenyewe alikuwa akipanga ngao zilizokwisha ndani ya boksi, na kila gazeti alilofungia alilikunja mara mbili zaidi ya ilivyohitajika.

"Shemeji wetu mbona kimya leo?" mwenye shule aliuliza.

"Anawaza mvua," dada alijibu.

Kalamu ya mashine ilimaliza herufi, ikanyanyuka kwenda kwenye nyingine. Hapo hapo dada alinyoosha mkono ukutani, akazima swichi kubwa.

"We mama!" Bosi alipiga kelele. "Una wazimu?"

"Jamani, ngao yangu!" mwenye shule naye akasimama.

"Ngao yako iko salama, kalamu iko juu," dada alisema. "Mume wangu, mvua imenyesha. Umeme umekatika. Sasa umerudi." Akawasha swichi. Shemeji alikuwa amekwisha kupiga hatua kuelekea meza ya chuma, mkono umenyooka wenyewe kwenda kwenye kijiti. Dada alimshika kiwiko. "Kaa hapo. Wewe hupo."

Akaenda yeye, akabonyeza kitufe kwa kidole gumba, kama mtu anayepiga kengele ya mlango, kisha akakunja mikono kifuani. Feni. Skrini. Programu ikafunguka, ikauliza iendelee ilipoachia. Mwenye shule, ambaye kazi yake ni kusahihisha, aliinama akasoma kwa sauti:

"Na tarehe ni ya leo. Hongereni."

Kalamu ikashuka juu ya ngao, ikaendelea na herufi iliyofuata. Bosi aliitazama mpaka mstari ukaisha. Alionekana mzee kidogo. Inawezekana kwamba hata yeye, miaka yote hiyo, hakuwahi kulala vizuri, akiwa na duka zima linaloning'inia kwenye mikono ya mtu mmoja. Hatimaye akamgeukia Shemeji.

"Chai umekunywa?"

"Nimekunywa."

"Basi usichelewe basi."

Dada alimsindikiza hadi kituoni. Hawakuzungumza sana. Alimkabidhi kifurushi cha keki iliyookwa kwa kukisia, akakiri kwamba imekuwa ngumu, akashauri ailoweke. Shemeji alisema ataituma betri ya mizani. Dada alisema asithubutu kutuma kitu chochote chenye betri katika nyumba ile. Basi lilikuwa limeanza kuonekana barabarani simu ilipoita. Walitazama jina kwenye skrini, wote wawili.

"Usipokee," dada alisema.

Alipokea.

"Shemeji," sauti ya Bosi ilikuwa juu, "umekatika! Kweli kweli safari hii."

"Umerudi?"

"Umerudi. Mke wangu yuko wapi?"

"Yuko hapa, ananisindikiza."

"Mwambie arudi. Au wewe, hapo mlipo si mbali…"

Basi lilisimama. Kondakta alishuka, akauliza nani anasafiri, akachukua begi kabla hajajibiwa. Shemeji alibaki na mguu mmoja kwenye ngazi na mmoja chini. Dada hakumsukuma. Alitazama pembeni, kwenye magari.

"Bonyeza wewe," Shemeji alisema kwenye simu.

"Mimi sijawahi kuigusa hiyo."

"Najua."

"Nikiiharibu?"

"Haiharibiki. Ni kitufe. Bonyeza, shemeji."

Hilo halikuwa neno ambalo Bosi alikuwa ameitwa na mtu huyo kwa muda mrefu, na pengine alikuwa akilitafutia mahali pa kuliweka. Kisha ikasikika pumzi, kidole, na kwa mbali feni ikipanda. Kondakta aligonga bati la basi. Shemeji aliinua mguu wa pili.

"Kimya," Bosi alisema. "Skrini nyeusi."

"Subiri."

"Nyeusi bado, shemeji."

"Subiri tu."

Alipata kiti cha dirishani. Alimwona dada yake akiwa amekwisha kugeuka, akirudi kuelekea mtaani, hatembei kama mtu anayewahi kitu.

"Imewaka!"

"Tarehe inasemaje?"

"Ngoja nivae miwani."

Basi lilikuwa limeondoka aliposikia Bosi akiisoma, ya Jumapili hiyo hiyo, siku, mwezi, mwaka, neno moja moja, kama mtu anayesoma maandishi ya jiwe.